Edmond Albius: Mtumwa aliyeupa ulimwengu vanila

KILA anayeonja aiskrimu au keki yenye ladha ya vanila halisi hufaidi kazi iliyoanzishwa na mtoto wa umri wa miaka 12, mtumwa ambaye hakuwahi kutiwa shuleni, katika kisiwa kidogo cha Bahari ya Hindi.

Edmond alizaliwa mwaka wa 1829 mjini Sainte-Suzanne, kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Réunion, ambacho wakati huo kiliitwa Bourbon na kilikuwa koloni la Ufaransa. Mamake, Mélise, alifariki akijifungua. Mtoto hakuwa na jina la ukoo, kwani watumwa hawakuruhusiwa kuwa nalo. Wengi wa watumwa wa kisiwa hicho walikuwa wazao wa watu waliosafirishwa kutoka Madagascar, Msumbiji na hata Kilwa, ambako mwaka wa 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alitia saini mkataba na sultani ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka.

Yatima huyo aliishia mikononi mwa mlowezi Ferréol Bellier-Beaumont, mtu aliyependa mimea kuliko miwa iliyowatajirisha jirani zake. Alizoea kuandamana na mtoto huyo bustanini, akimfundisha majina ya mimea na tabia zake. Miongoni mwa mambo aliyomwonyesha ni jinsi ya kuchukua chavua ya ua la kiume la mmea wa jamii ya maboga na kulipaka ua la kike, ili tunda litunge pasipo kumsubiri mdudu.

Somo hilo dogo ndilo lililozaa mengine yote.

Katika bustani hiyo mlikuwa na mtambaazi wa vanila uliokuwa umeishi kwa karibu miaka 20 bila kuzaa. Vanila ni okidi yenye asili yake Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Wafaransa waliileta Bourbon kuanzia 1819, ikamea vizuri na hata kuchanua, lakini matunda hayakuonekana. Sababu imo ndani ya ua lenyewe. Sehemu ya kiume yenye chavua na sehemu ya kike inayoipokea zimekaribiana mno, ila katikati yake pana utando mwembamba unaozitenganisha. Kwao Amerika, wapo nyuki wa huko wanaoweza kuipitisha chavua. Réunion nyuki hao hawakuwako. Isitoshe, ua la vanila hufunguka alfajiri na kunyauka siku iyo hiyo, asubuhi moja tu katika maisha yake.

Wataalamu wa Ulaya hawakuwa wamelala. Mwaka wa 1836 mwanabotania Charles Morren wa Liège, Ubelgiji, alifaulu kuzalisha vanila kwa mkono katika nyumba ya vioo. Hata hivyo, njia yake haikumfaa mkulima mwenye maelfu ya maua na saa chache za kuyashughulikia.

Mnamo 1841 Bellier-Beaumont alikuwa akitembea bustanini pamoja na Edmond alipoona matunda mawili mabichi yakining'inia kwenye ule mtambaazi tasa. Kijana alimweleza kwamba yeye ndiye aliyeyazalisha. Bwana wake hakuamini. Siku chache baadaye tunda jingine lilijitokeza, naye akamtaka arudie mbele ya macho yake. Edmond alilichana ua taratibu, akauinua ule utando kwa kijiti chembamba, kisha kwa kidole gumba akaigandamiza chavua kwenye sehemu ya kike. Kazi ya sekunde chache.

Habari zilienea upesi. Walowezi wa mashamba mengine walimwita Edmond awafundishe watumwa wao. Mwaka wa 1848 Réunion iliuzia Ufaransa kilo 50 hivi za vanila. Kufikia 1898 ilikuwa ikiuza takriban tani 200. Kutoka hapo zao hilo lilienea Madagascar na Visiwa vya Komoro.

Mwenye ugunduzi hakupata hata senti. Utumwa ulipokomeshwa Réunion Desemba 20, 1848, watu zaidi ya 60,000 waliachwa huru, kila mmoja akiandikiwa jina la ukoo. Yeye alipewa Albius, jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya weupe, inasemekana kwa sababu ya rangi ya ua lake. Kuitwa Mweupe, mtu mweusi ambaye ngozi yake ndiyo iliyomnyima kila kitu! Makarani wa enzi hizo huenda waliona ni mzaha mzuri.

Uhuru ulimpeleka mji mkuu, Saint-Denis, akawa mtumishi wa jikoni. Huko alihusishwa na wizi wa vito vya thamani, na mwaka wa 1852 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano pamoja na kazi ngumu. Bellier-Beaumont alimwombea msamaha kwa gavana, akikumbusha faida ambayo koloni ilivuna kutokana na kijana huyo. Edmond aliachiliwa baada ya takriban miaka mitatu.

Pigo jingine lilitoka kwa msomi. Jean-Michel-Claude Richard, aliyesimamia bustani ya mimea ya Saint-Denis, alidai kuwa ndiye aliyewaonyesha wakulima mbinu hiyo mnamo 1838, na kwamba mtoto yule lazima alikuwa akichungulia. Bellier-Beaumont, ingawa alikuwa rafiki yake, aliandika kumpinga waziwazi, akihusisha dai hilo na uzee na kumbukumbu iliyochakaa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama wakulima walikwisha kufundishwa na mtaalamu, kwa nini walihangaika kumwita mtumwa? Mtu huyu aliyewahi kummiliki mwenzake hakuwa mtakatifu, lakini bila kalamu yake jina la Edmond lingezikwa.

Sayansi ilichelewa kueleza kwa nini utando ule upo. Ni mwaka wa 1862 ambapo Charles Darwin alichapisha kitabu chake kuhusu okidi na wadudu, akionyesha kwamba maumbile ya maua hayo huyawezesha kupokea chavua ya mimea mingine badala ya kujizalisha. Kidole cha Edmond kilikipita kizuizi hicho. Nayo mitambaazi, kwa kuwa hupandwa kwa vipande vya shina, imebaki kuwa ndugu wa karibu, jambo linaloifanya iangamie kwa pamoja inapovamiwa na ugonjwa wa kuoza mizizi.

Hadi leo, iwe Madagascar au Uganda, wafanyakazi huamka mapema msimu wa maua wakiwa na vijiti au miiba mkononi. Mzoefu hushughulikia zaidi ya maua 1,000 kwa siku, akifuata mwendo ule ule wa 1841.

Edmond alirejea Sainte-Suzanne, akaoa mwaka wa 1871 na baadaye akafiwa na mkewe. Alifariki Agosti 1880 katika hospitali ya umma mjini humo, akiwa na umri wa miaka 51. Gazeti la kisiwa, Le Moniteur, liliripoti kwamba alikufa fukara, na kwamba ombi lake la muda mrefu la kupewa posho halikuwahi kujibiwa.