Fender: Fundi redio aliyetajirika kwa magitaa asiyojua kuyapiga

WAPENZI wa muziki wa dansi wanalijua jina la Fender kwa sababu wameliona kwenye magitaa ya wanamuziki jukwaani. Wachache ndio wanaojua kwamba hilo ni jina la mtu, na kwamba mtu huyo, mtoto wa mkulima wa machungwa, alifariki dunia bila kujifunza kupiga gitaa.

Clarence Leonidas Fender, aliyezoeleka kwa jina la Leo, alizaliwa Agosti 10, 1909 katika jimbo la California, Marekani. Wazazi wake walikuwa na shamba la michungwa kati ya miji ya Anaheim na Fullerton. Akiwa na umri wa miaka minane aliugua uvimbe katika jicho la kushoto, likaondolewa na kuwekwa jicho la kioo.

Utotoni alijifunza kinanda na saksafoni, lakini kilichomteka zaidi ni redio. Hata hivyo chuoni alisomea uhasibu, akaajiriwa kuweka vitabu vya hesabu, na redio akawa anazitengeneza baada ya saa za kazi.

Miaka ya 1930 uchumi wa Marekani ulidorora vibaya. Fender alipoteza kazi katika idara ya barabara kuu ya California, akapata nyingine katika kampuni ya matairi, na huko nako wahasibu wakapunguzwa.

Mtaji wa mkopo

Mwaka 1938, badala ya kutafuta mwajiri wa tatu, alikopa dola 600, akarudi Fullerton pamoja na mkewe Esther na kufungua duka la kutengeneza redio. Ili duka lisikae bila kipato, aliuza pia santuri na kukodisha vipaza sauti.

Wanamuziki walianza kumletea amplifaya na magitaa yaliyoharibika. Hapo ndipo alipopata elimu ambayo hakuipata chuoni. Kila kifaa kilichofika mezani kwake kilimwonyesha mahali ambapo mtengenezaji alikosea.

Mwaka 1945 alianzisha kiwanda kidogo akishirikiana na mwanamuziki Doc Kauffman. Kauffman aliogopa kwamba biashara hiyo ingewatia hasara, na mwaka 1946 akajitoa, akaachia sehemu yake kwa kupewa mashine moja ya kukandamiza vyuma. Fender akaendelea bila yeye.

Alitengeneza kile kinachotengenezeka

Magitaa ya umeme ya wakati ule mengi yalikuwa na tumbo lililo wazi ndani, na sauti ilipoongezwa yalivuma na kupiga kelele. Mwaka 1950 Fender aliingiza sokoni gitaa la ubao mzima usio na uwazi, ambalo kelele hiyo ilipungua sana. Shingo yake haikugundishwa kwa gundi bali ilifungwa kwa skrubu, hivyo ikiharibika inafunguliwa na kuwekwa nyingine. Utaratibu huo ulirahisisha kazi kiwandani na kwa fundi wa mtaani pia.

Gitaa hilo aliliita Broadcaster. Haukupita muda mrefu, kampuni ya Gretsch ikalalamika kwamba ilikuwa ikiuza ngoma zenye jina linalofanana nalo. Fender hakuzitupa lebo alizokuwa nazo. Alikata sehemu yenye jina hilo, magitaa yakauzwa bila jina la aina hadi lilipopatikana jipya, Telecaster, mwaka 1951. Mfanyabiashara anayechapisha mifuko au lebo kabla ya kuhakikisha kwamba jina halina mwenyewe, hapo ana la kujifunza.

Mwaka huohuo alitoa gitaa la besi la umeme. Kabla ya hapo mpigaji wa besi alibeba chombo kikubwa cha kusimama nacho, kigumu kusafirishwa na ambacho sauti yake ilimezwa na vyombo vingine. Besi ya Fender ilining'inizwa begani kwa mkanda. Leo hii besi ya umeme inasikika katika bendi za dansi na kwaya za Injili mijini na vijijini. Mwaka 1954 ikafuata Stratocaster, gitaa lililompa umaarufu mkubwa zaidi.

Kwa kuwa hakujua kupiga, Fender hakuweza kuipima mwenyewe kazi ya mikono yake. Aliwapa wanamuziki magitaa ya majaribio wakayatumie kazini, kisha akasikiliza malalamiko yao na kubadili kile kilichowasumbua. Waliofanya kazi naye walimkumbuka kama mtu mkimya, asiyependa makuu, anayekaa karakanani hadi usiku. Muziki wa roki uliompa utajiri haukuwa chaguo lake; yeye alipenda muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani.

Aliuza kwa hofu

Miaka ya 1960 biashara ilikuwa imekuwa kubwa, lakini mwenyewe alikuwa akisumbuliwa na maambukizi sugu puani, akiamini kwamba hana maisha marefu. Mwaka 1965 aliiuzia kampuni yake shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Baadaye alibadili daktari, akapona.

Alikuwa na fedha na afya, lakini hakuwa tena na jina lake. Mkataba ulimzuia kushindana na kampuni aliyoiuza kwa miaka 10, na jina la Fender lilikuwa mali ya mnunuzi.

Chini ya CBS, wanamuziki wengi walilalamika kwamba ubora ulikuwa ukishuka. Mwaka 1985 wafanyakazi wakiongozwa na Bill Schultz waliinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 12.5, bila majengo wala mitambo ya Fullerton. Walichokipata hasa ni jina, haki za ubunifu na vipuri vilivyobaki. Kwa maneno mengine, jina ndilo lililokuwa na thamani kuliko kiwanda.

Fender mwenyewe hakukaa kula fedha zake. Mwaka 1975 alikuwa rais wa kampuni ya Music Man, na mwaka 1980 akaanzisha nyingine, G&L, pamoja na rafiki yake wa siku nyingi George Fullerton. Kiwanda cha G&L kilikuwa katika mtaa unaoitwa Fender, jina ambalo mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kulipa gitaa.

Aliendelea kwenda kazini ingawa ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umemdhoofisha, hadi siku moja kabla ya kufariki dunia Machi 21, 1991.

Kwa mkulima wa vitunguu, fundi cherehani au mwenye duka la pembejeo, habari za mtu huyu zina mambo mawili ya kushika. La kwanza, si lazima uwe mtumiaji wa bidhaa yako, lakini ni lazima umsikilize anayeitumia. La pili, shamba, duka au jina lisiuzwe siku ambayo mwenyewe ana homa. Kwanza atafute daktari wa pili, kisha ndipo azungumze na mnunuzi.