Seyyid Said na Ihsani Yake
Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja aliyefariki baharini mwaka 1856, alikuwa Ibadhi, lakini hakuwalazimisha Wasunni kufuata madhehebu yake. Forodha aliikodisha kwa Jairam Shivji, Mhindu. Na mwaka 1844 alimpa mmisionari Krapf barua ya kumtambulisha pwani. Bandari hutaka wageni, na mgeni hakai pasipo amani ya kusali.

Hata hivyo, mashamba yake ya mikarafuu yalilimwa na watumwa, na ushuru wa watumwa uliingia hazinani mwake.

Sisi tukaao Kinondoni na Temeke, katika mji ulioanzishwa na mwanawe Majid, ambako msikiti na kanisa ni majirani, tusisahau: ihsani ya mfalme iliilinda ibada ya mgeni, lakini haikumfikia aliyeuzwa sokoni. Uhuru ni haki ya wote, si zawadi.