Mzee Karume na Makao ya Wanyonge wa Ng'ambo

Kila ifikapo tarehe 7 Aprili, Visiwa vyetu humkumbuka Hayati Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1972 katika Makao Makuu ya Chama cha Afro-Shirazi, Kisiwandui, na akazikwa hapo hapo. Khitma husomwa, mashada huwekwa, na sifa zake hutajwa kwa jumla. Safu hii inakusudia kumtazama kwa upande mmoja tu, nao ni upande wa nyumba, kwani nyumba alizoziacha zingali zinakaliwa na hali yake inatuhusu sote, wakaazi na watendaji wa Serikali.

Mzee Karume, aliyezaliwa mwaka 1905, hakupata elimu kubwa ya darasani. Ujana wake aliumaliza baharini, akiwa baharia katika meli za mizigo, akaziona bandari nyingi za dunia na jinsi wafanyakazi wa huko walivyokaa. Aliporejea aliongoza umoja wa wenye mashua za mota waliokuwa wakichukua abiria wa meli bandarini Unguja. Maskani yake yalikuwa Ng'ambo, miongoni mwa makuli, wachukuzi, mafundi na wapishi.

Msomaji kijana apaswa kuelezwa Ng'ambo ilikuwa nini. Upande mmoja wa hori ulisimama mji wa mawe. Upande wa pili, ndio huo wa ng'ambo, zilijaa nyumba za udongo na boriti zilizoezekwa makuti. Mtu aliweza kuimiliki nyumba yake lakini si ardhi iliyokuwa chini yake. Kiwanja kilikuwa cha tajiri au cha wakfu, na mwenye nyumba alidaiwa kodi ya ardhi mwezi baada ya mwezi. Mwaka 1928 wakaazi waligoma kuilipa, na mgomo ule uliitikisa Serikali ya kikoloni. Wakoloni nao hawakukosa ramani. Walichora moja mwaka 1923 na nyingine mwaka 1958. Lakini karatasi haimsitiri mtu na mvua, na mengi ya yale yaliyoandikwa kuhusu Ng'ambo yalibaki makabatini.

Ni watu hao wa Ng'ambo waliomchagua Mzee Karume katika uchaguzi wa mwaka 1957. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 hakuchelewa. Mwezi Machi mwaka ule ule ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, na kodi ile ya kiwanja ikafikia ukomo wake. Kisha, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, fleti za kwanza zikaanza kujengwa Kikwajuni.

Michenzani ilikuwa jambo kubwa zaidi. Mwaka 1968 mtaalamu wa Kijerumani, Hubert Scholz, alitayarisha mpango wa mji, nao ukakusudia kuijenga upya Ng'ambo kwa majumba zaidi ya 200, yenye fleti zinazokaribia elfu saba. Barabara mbili pana zilikatwa katikati ya mitaa zikakutana Michenzani, na kandokando yake yakainuka majumba marefu ya ghorofa, kila moja mfano wa gari moshi lililosimama. Wananchi walitoka matawini kwenda kuchanganya saruji na kubeba matofali, wengine kwa moyo, wengine kwa kuwa haikuwezekana kukataa. Alipofariki, kazi ilikuwa bado changa. Majumba kumi ndiyo yaliyosimama Michenzani, na baadhi yalichukua miaka mingi kukamilika. Hakuisahau shamba wala Pemba. Fleti zilifika Makunduchi na Bambi, zikafika Wete, Chake Chake na Mkoani.

Sisi tuliokulia katika Chama hatuna haja ya kuficha kwamba kazi hiyo ilikuwa na gharama. Ili barabara zipite, nyumba za watu zilibomolewa, na wenyewe hawakuulizwa shauri. Mtu alihamishwa kutoka baraza yake, alipokaa jioni na jirani zake, akapandishwa juu ambako baraza hakuna na jiko la makaa halina pa kutokea moshi. Hata hivyo, bibi aliyekuwa akipanga chumba kwa mtu, akaamka na ufunguo wa fleti yenye choo ndani na taa ya umeme, hakuhitaji kuelezwa maana ya Mapinduzi.

Walakini lipo jambo ambalo Mzee hakulikamilisha, na waliomfuata wakaliacha. Waliobomolewa nyumba walipewa fleti bila ya malipo. Ulikuwa uadilifu, kwa kuwa walichukuliwa chao. Lakini haukuwekwa mfuko wa kuyatunza majumba hayo. Serikali ikawa mwenye nyumba asiyekusanya cha kutosha, na mkaazi akawa mpangaji asiyejua amwendee nani paa likivuja. Ndani ya mlango wake kila mmoja alipaka rangi na kuweka pazia. Ngazi, mabomba na matangi yakawa ya watu wote, yaani si ya mtu. Maji yasipopanda, ndoo hupanda kwa ngazi juu ya vichwa vya wanawake na watoto.

Kuundwa kwa Shirika la Nyumba kwa sheria ya mwaka 2014 kulikuwa ni kukiri kwamba nyumba za umma zahitaji msimamizi mwenye jina na anuani. Shirika lisihesabu kazi yake kwa majengo mapya peke yake, ijapokuwa Kwahani na kwingineko nyumba duni zimeondolewa na fleti zimejengwa. Jengo jipya hukatiwa utepe mbele ya wapiga picha. Bomba la zamani hutengenezwa bila ya mgeni rasmi.

Wakaazi nao wachangie matunzo, kila mtu kwa uwezo wake, na mjane asiye na kipato asitolewe kwa ajili ya deni. Lakini mchango wa jumba utumike katika jumba hilo hilo, na hesabu yake ibandikwe chini ya ngazi kila mwezi, kwa Kiswahili, ili anayepanda na ndoo aisome. Kazi ianzie Michenzani, kwa mapaa na matangi ya maji, kabla ya masika mengine.