Padre Andreas Amrhein, Aliyewatuma Masista Kusini

Mtu asafiriye toka Mtwara kwenda Masasi hupita Ndanda, penye chemchemi zitokazo katika vilima vya Makonde. Hapo pana hospitali kubwa, nayo yajulikana kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, hata pande za mto Ruvuma. Asili ya kazi hiyo ni padre mmoja wa Kanisa la Roma, ambaye hakuhubiri Afrika hata siku moja.

Josef Amrhein alizaliwa mwaka 1844 huko Gunzwil, katika nchi ya Uswisi. Katika ujana wake alijifunza kuchora picha, kisha akasoma elimu ya dini. Mwaka 1870 akaingia katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Benedikto huko Beuron, Udachini, akapewa jina la Andreas. Moyo wake ukavutwa na nchi za mbali zisizokuwa na wahubiri, lakini desturi ya watawa wale ilikuwa kukaa mahali pamoja, kusali na kufanya kazi. Yeye akashika neno hili, ya kuwa sala ile na kazi ile zaweza kuvuka bahari. Mwaka 1884 akapata ruhusa ya Roma, akaanza nyumba yake huko Reichenbach. Na mwaka 1887 akaihamishia Emming, mahali paitwapo leo St. Ottilien.

Mwaka 1885 aliwapokea wanawake wa kwanza. Aliona ya kuwa mafundisho ya wanaume peke yao hayatafika ndani ya nyumba, walipo mama, watoto na wagonjwa. Ndio mwanzo wa masista wa Kibenediktini, ambao mwaka 1904 nyumba yao kuu ilihamia Tutzing.

Mapema mwaka 1888 masista wanne walifika pwani yetu pamoja na wenzao wanaume, wakakaa Pugu, karibu na Dar es Salaam. Kabla mwaka haujatimia tangu kufika kwao, vita ya Abushiri iliwafikia. Tarehe 13 Januari 1889 Pugu ilishambuliwa. Sista Martha Wansing akauawa pamoja na mabruda wawili, na wengine wakachukuliwa mateka.

Habari hizo zilimfikia yeye aliyewatuma, naye yu salama Ulaya. Mzigo huo si mwepesi. Watu waliweza kuuliza kama ilikuwa haki kuwapeleka wanawake mahali pa hatari namna ile. Hata hivyo masista wengine walijitoa kwa hiari yao, na Amrhein hakuifunga njia.

Lakini mwili wake ulikuwa dhaifu, na uongozi ukamlemea. Mwaka 1896 akauacha, akaishi miaka mingi mbali na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Wakati huo huo kazi ilikuwa ikishika mizizi kusini, huko Lukuledi na Nyangao.

Mwaka 1905 ikaja vita ya Maji Maji. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko na kazi ya nguvu katika mashamba ya pamba ya serikali ya Wadachi, na ghadhabu yao ikawapata wageni wote pamoja. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani pamoja na masista wawili na mabruda wawili. Mwezi ule ule Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa, na Sista Walburga Diepolder akapotea katika kukimbia, asionekane tena.

Mwaka uliofuata, 1906, misioni ya Ndanda ilianzishwa. Baadaye masista wakauguza huko wagonjwa, wakazalisha akina mama, wakawatunza wakoma waliotengwa na jamaa zao.

Padre Amrhein alirudi St. Ottilien katika uzee wake, akafa huko tarehe 29 Desemba 1927. Miaka minne baadaye Ndanda ikafanywa abasia, na mwaka 1972 nchi iliyokuwa chini ya abasia hiyo ikawa Jimbo la Mtwara. Wagonjwa wa Ndanda, walio wengi, hawalijui jina lake. Lakini mlango aliotaka ufunguliwe kwa mama na mtoto uko wazi hata leo.