Terzaghi, mzee aliyejua kwa nini nyumba za bondeni zinapasuka

Leo naweka pembeni siasa na mpira. Nawaletea mzee mmoja anaitwa Karl Terzaghi. Wahandisi wanamwita baba wa mekanika ya udongo, ila mimi nimemaliza sekondari bila kusikia hata jina lake. Nilianza kumsaka kwa hasira, sababu ya nyumba ya mjomba.

Iko bondeni, nje kidogo ya Tukuyu mjini. Kiwanja kilikuwa bei poa, udongo wenyewe mfinyanzi laini, ukikanyaga unazama. Fundi akamwaga moramu juu, akaanza kujenga. Mvua ya Rungwe mnaijua. Mwaka wa pili ukuta wa sebuleni ukapasuka, kidole kinapita. Majirani wakasema ni mkono wa mtu. Mi nikaingia kwenye mtandao.

Terzaghi alizaliwa Prague, tarehe 2 Oktoba 1883, enzi za dola ya Austria na Hungaria. Kwao ni familia ya wanajeshi, naye akapitishwa shule za jeshi, lakini akaishia kusoma uhandisi wa mitambo Graz na kumaliza 1904. Alipoingia kwenye kazi za ujenzi akakuta kitu kinachokera: chuma na zege vinapigiwa hesabu, udongo unakisiwa tu.

1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, akaenda Istanbul kufundisha. Vita ilipoisha upande wake ukawa umeshindwa, kazi ikaota nyasi, akapata nafasi Robert College, chuo cha Wamarekani hapo hapo mjini. Maabara ya udongo pale ilikuwa haipo. Akaunda vipimo vyake kwa vitu vya kuokoteza. 1923 akatoa hesabu yake, 1925 akatoa kitabu, Erdbaumechanik, na mwaka huo huo akaitwa MIT kule Marekani.

Aligundua nini? Chukua godoro la sponji lililolowa, liwekee mzigo. Mwanzoni mzigo unabebwa na maji yaliyo ndani. Maji yakitoka, sponji yenyewe ndiyo inabeba, na godoro linashuka. Mfinyanzi ni hivyo hivyo, ila matundu yake ni madogo mno, maji yanatoka kwa miaka. Ndiyo maana nyumba ya mjomba haikupasuka siku ya kwanza! Na hesabu yake inasema maji yakipunguziwa safari kwa nusu, muda unashuka hadi robo.

Hapo ndipo Msweden Walter Kjellman alipopita. Alichomeka kwenye mfinyanzi vipande virefu vya karatasi ngumu ili maji yapate njia za karibu. 1952 akaeleza mbinu nyingine: unatandaza mchanga, unafunika eneo zima kwa kitu kisichopitisha hewa, unanyonya hewa ya chini kwa pampu. Linabaki ombwe, basi hewa hii tunayovuta inakandamiza ardhi yenyewe. Kwa vitendo ni kama umerundika kifusi cha mita nne hivi, bila lori hata moja. Wachina wameitumia sana bandarini Tianjin.

Turudi kwa mzee. 1929 alihamia Vienna kuwa profesa, na huko kuna habari iliyonikaa kichwani. Profesa mwenzake, Paul Fillunger, akaandika kijitabu cha kumshambulia, kwamba elimu yake yote ni uongo. Ikaundwa kamati, ikamwona Terzaghi ana haki. Machi 1937 Fillunger na mkewe wakajiua. Baadaye wataalamu wakaja kukiri kwamba hata hesabu za Fillunger zilikuwa na mambo ya maana. Yaani watu wawili wenye akili, wanagombania maji yaliyomo kwenye udongo, inaishia makaburini. Sijui mnalionaje hilo.

1938, mwaka ambao Hitler aliimeza Austria, Terzaghi akahamia Marekani, akafundisha Harvard. Kumbe alifanya kazi hata huku kwetu! Bwawa la Sasumua, Kinangop, Kenya, linalopeleka maji Nairobi, yeye alikuwa mshauri. Mfinyanzi mwekundu wa pale, uliotokana na mawe ya volkano, ulitoa vipimo vya ajabu na watu wakauogopa. Yeye akaonyesha kuwa una madini ya haloisaiti, chembe zimeshikamana kwenye mabonge magumu, kwa hiyo unafaa. Akaandika makala yake 1958. Nasi Rungwe tumekaa juu ya volkano, ila msichanganye: udongo mwekundu wa mlimani ni kitu kingine, tope la bondeni ni kitu kingine.

Alishauri pia bwawa kuu la Aswan, Misri, akajitoa 1959 baada ya kutoelewana na wahandisi wa Kisovieti. Alikufa Marekani tarehe 25 Oktoba 1963.

Nilipomweleza mjomba habari za ombwe akacheka, pampu hiyo atatoa wapi. Lakini kurundika kifusi juu ya kiwanja na kusubiri kabla ya kujenga, hilo alilielewa, akanyamaza muda mrefu. Saa hizi anakusanya matofali ya kujenga juu, kwenye migomba. Ile ya bondeni anafugia kuku.

Nani mwingine kajenga bondeni, na ufa ulitokea baada ya muda gani? Maoni ruksa hapo chini.