Adrien Deschryver, mwindaji aliyegeuka mlinzi wa magorila ya Kahuzi

Ukitoka Bukavu kufuata barabara ya Kavumu, ukifika Miti unakuta njia inayokata kushoto. Ndiyo ile ya Bunyakiri na Walikale, ile malori yanapita yakiwa yamejaa hadi juu. Inapanda katikati ya mashamba ya chai na migomba, hewa inaanza kuwa baridi, na baada ya muda mfupi uko Tshivanga, kwenye kituo cha mbuga ya Kahuzi-Biega. Kwa vijana wengi wa Miti, Tshivanga ni jina la kazi: kuwa gardi, kuwa gide wa watalii, ao kuwa pisteri, ni kusema yule mtu anayefuata nyayo za wanyama.

Hiyo kazi ina mtu aliyeianzisha huku kwetu. Anaitwa Adrien Deschryver. Alikufa mwaka 1989, na sisi tuliozaliwa mwisho wa Zaire hatukumuona. Lakini mambo mengi yanayofanyika Tshivanga hadi leo, mazuri na yale yanayotuletea ugomvi, yalianza wakati wake. Ndiyo maana tumeona ni vizuri tusimulie maisha yake.

Deschryver alikuwa Mubelji wa familia ya wenye plantasio hapa Kivu. Alikua huku na alijua milima hii kama mtu wa hapa. Tena alikuwa mwindaji. Hatusemi hivyo kwa kumchafua. Ni uwindaji ndio uliomfundisha kusoma msitu, kukaa kimya, kujua upepo unatoka wapi. Wakati huo mlima Kahuzi ulikuwa tayari na ulinzi kwenye karatasi: Wabelji walikuwa wamefanya pale akiba ya msitu na wanyama tangu mwaka 1937. Kwa kweli karatasi haikuzuia kitu. Watu walikata miti, walilisha ng'ombe ndani, walitega mitego.

Kisha ikaja miaka mibaya. Mwaka 1964 uasi wa Simba, mwaka 1967 mamluki wa Schramme wakashika Bukavu. Kwa mwaka huo wa 1967, mwanamke mmoja Mmarekani, Dian Fossey, alikuwa ameanza kuchunguza magorila kule Kabara, kwenye milima ya Virunga upande wa Kongo. Vurugu zikamtoa, akavuka kwenda Rwanda, na ni Rwanda ndiyo iliyompa jina duniani. Deschryver hakuondoka. Aliacha kuwinda, akaanza kufukuza wawindaji, na akaomba serikali ifanye Kahuzi na Biega kuwa mbuga ya taifa. Ilikubaliwa tarehe 30 Novemba 1970. Mbuga ilikuwa na kilomita za mraba 600, na yeye akawa konservateri wake wa kwanza.

Sasa, mbuga bila mtalii haina franga, na mtalii hawezi kulipa kuangalia majani. Shida ilikuwa hapo. Gorila wa kwetu, yule wanaita gorila wa Grauer, ni mkubwa kuliko magorila wengine wote. Dume aliyekomaa, mwenye mgongo mweupe, anaweza kupita kilo 200. Akisikia mtu anakimbia na jamaa yake, ao anageuka na kushambulia. Lazima kwanza awazoee watu, na hiyo haifanyiki kwa mwezi mmoja.

Hapa ndipo jina lingine linaingia, na kwangu mimi ni lazima litajwe pamoja na la Deschryver: Pilipili. Alikuwa Mutwa. Batwa walikuwa wanaishi ndani ya msitu ule kabla hata ya Wabelji kuchora mipaka, na walijua magorila wanakula nini, wanalala wapi, wanapita wapi wakati machipukizi ya mianzi yanatoka. Pilipili na Batwa wenzake ndio waliomtangulia Deschryver wakifungua njia kwa panga. Wazungu walikuja na kamera na vitabu. Ujuzi wa kumpata gorila ulikuwa mikononi mwa Batwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Gorila anatengeneza kiota kipya kila jioni. Kwa hiyo asubuhi pisteri anarudi pale alipowaacha jana, anatafuta viota, anahesabu, anaangalia mavi kama bado ni mabichi, kisha anafuata majani yaliyovunjika. Wakiwakaribia, dume anatoka mbele. Anapiga kifua, anapiga kelele inayoingia mtu tumboni, anakuja mbio. Ukikimbia umekwisha. Unasimama hapo hapo, unainamisha macho, unangoja. Mara nyingi anasimama hatua chache mbele yako, anakuangalia, anarudi. Kesho unarudi tena, na kesho kutwa tena. Deschryver alifanya hivyo miaka, kwanza na jamaa ya dume aliyeitwa Casimir, halafu na ya Mushamuka.

Katikati ya miaka ya 1970 filamu ilitengenezwa kuhusu kazi hiyo, na ndiyo iliyomfanya Deschryver ajulikane Ulaya na Amerika. Waliopiga picha walikuwa Mjerumani Dieter Plage na Lee Lyon, msichana Mmarekani aliyekuja kuuawa na tembo kule Rwanda mwaka 1975. Kuna sehemu moja ambayo kila aliyeiona haisahau. Mtoto wa gorila, yatima, alikuwa amepatikana, na Deschryver akataka kumrudisha kwa wenzake. Akambeba mkononi hadi msituni. Mtoto akalia. Casimir akasikia, akatoka kwenye majani kwa hasira, na mtoto akachukuliwa na magorila mbele ya kamera. Watu walifurahi sana. Lakini yule mtoto hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alikuwa bado mdogo wa kunyonya, na nia njema ya mtu haitoi maziwa.

Watalii wakaanza kupanda Tshivanga mwanzo wa ile miaka ya 1970, wakati Rwanda ilianza mpango wake mwaka 1979 tu. Tunapenda kusahau hilo tunapoona majirani wanajaza ndege. Kutembelea gorila waliokwisha kuzoea watu, kwa miguu, nyuma ya gide na pisteri, kulianza huku, kilomita chache juu ya soko la Miti. Zamani watu walikaribia gorila hadi karibu kumgusa. Leo gide wa Tshivanga anakuambia uvae barakoa, ukae mbali mita kadhaa, na baada ya saa moja mnaondoka, sababu mafua yetu yanaweza kuua jamaa nzima ya gorila. Hayo hayakujulikana vizuri wakati wa Deschryver. Lakini kurudi kwenye viota vya jana, kusimama bila kukimbia, kumpa kila dume jina: hayo ni ya wakati wake.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo katika filamu halionekani. Kuifanya mbuga kulimaanisha kutoa watu. Batwa, wale wale waliomwonyesha njia, walitolewa msituni katika miaka ya 1970. Makadirio yanasema kati ya watu 3.000 na 6.000. Hawakupewa ardhi nyingine wala malipo, wakasambaa pembeni mwa mbuga, Kabare na Kalehe, kwenye mashamba ya watu, wakawa vibarua. Wachache walipata kazi ya pisteri, ni kusema walilipwa kutembea mahali ambapo baba zao waliishi bila kuomba ruhusa. Mwaka 1975, tarehe 22 Julai, mbuga ikapanuliwa hadi kilomita za mraba 6.000, ikashuka kwenye msitu wa bonde, ikaingiza vijiji ndani ya mipaka bila wakaaji kuulizwa. Ugomvi wa ukanda wa Nindja, ule unaounganisha juu na chini, unatoka hapo.

Je, yote ni makosa ya Deschryver? Sidhani. Amri zilitoka Kinshasa kwa Mobutu, na wakati huo karibu dunia nzima ilifikiri kwamba mbuga ni mahali pasipo watu. Lakini yeye ndiye alikuwa konservateri, na hakuna mtu aliyekuwa pale juu aliyejua kuliko yeye jinsi Batwa walivyokuwa wanaujua msitu. Mtu anaweza kumheshimu kwa magorila na bado amdai kwa hilo. Deni bado linatembea: mwaka 2018 sehemu ya Batwa walirudi msituni kwa nguvu zao, na tangu hapo Batwa na magardi wamekufa. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, ikaomba ardhi irudishwe, walipwe na waombwe msamaha.

Deschryver hakuona hayo. Aliona UNESCO ikiandika mbuga kwenye urithi wa dunia mwaka 1980, na akafa kabla ya mabaya. Maheshe, dume aliyekuwa na picha kwenye noti ya 50.000 ya Zaire, aliuawa na wawindaji mwaka 1993. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda wakajaa Kashusha na INERA, hapa hapa karibu na Miti, na kuni zikatoka msituni. Mwaka 1996 vita. Halafu koltani, bei ikapanda, wachimbaji wakaingia na bunduki na wakala nyama ya porini. Sehemu ya juu ya mbuga ilikuwa na magorila kama 250 mwaka 1990. Mwaka 2000 walihesabiwa karibu 130. Tembo wa juu walikwisha kabisa.

Katika miaka hiyo yote kuna siku ambazo magardi walinyang'anywa silaha, na kuna miezi ambayo mtalii hata mmoja hakupanda. Magorila waliobaki wakaendelea kufuatwa kila ilipowezekana. Casimir na Mushamuka walipita, Maheshe akapita, Chimanuka akatawala hadi alipokufa mwaka 2016 baada ya kupigana na dume mwingine. Mwaka hadi mwaka, pisteri wanapotoka Tshivanga asubuhi na panga na makoti ya mvua, wanaanzia palepale: kwenye viota vya jana, wanahesabu.