Herbert Chitepo: kutoka meza ya mashtaka hadi dare

Hapa Birere mtu akitamka neno parke, mazungumzo hupungua. Parke ni mahali unapoitwa kwa karatasi, na karatasi hiyo mama wa nyumbani huigeuzageuza mkononi hata kama hajui kuisoma. Avoka ni mtu wa kukutoa huko, ukiwa na cha kumlipa. Nimekulia kati ya maneno hayo mawili, karibu na mpaka, na ndiyo sababu maisha ya Herbert Chitepo yalinishika tangu nilipoyasoma mara ya kwanza. Alikuwa avoka, akawa mkuu wa mashtaka wa nchi nzima ambayo hata haikuwa yake, kisha akaiacha kazi hiyo akaenda vitani.

Kwa kawaida njia ni nyingine. Kijana anaanza upande wa Serikali, anajifunza kazi, anajulikana na mahakimu, kisha anahamia ofisi binafsi ya mawakili na kuwa mshirika, kwa kuwa huko ndiko kwenye pesa. Chitepo aliipita njia hiyo kinyumenyume.

Alizaliwa mwaka 1923 wilayani Nyanga, mashariki mwa nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kusini, akasoma katika shule za misheni ya Kianglikana. Akaendelea Adams College huko Natal, kisha Fort Hare, alikopata shahada yake mwaka 1949. Kutoka hapo akaenda London kusomea uwakili. Sehemu hii wanaoandika juu ya siasa huipita haraka, lakini sisi wa lugha hatuna haki ya kuipita: huko London alikuwa pia msaidizi wa utafiti wa Kishona katika Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika. Ni chuo kilekile alikofundisha Bi. Ashton, ambaye sarufi yake ya Kiswahili ya 1944 walimu wetu bado wanaitaja. Mwanasheria huyu basi alikuwa mwenzetu, mtu wa ngeli na viambishi.

Mwaka 1954 alirudi nyumbani akiwa wakili Mwafrika wa kwanza wa mahakama kuu katika Rhodesia. Mara tatizo likajitokeza. Sheria ya ugawaji wa ardhi ya mwaka 1930 iliweka katikati ya mji wa Salisbury kuwa eneo la Wazungu, na ofisi za mawakili zote zilikuwa huko huko. Mwafrika aliyehitimu kutetea watu mahakamani hakuruhusiwa kukodi chumba karibu na mahakama. Ilibidi sheria irekebishwe ili apate ofisi pamoja na wenzake. Nimeifikiria sana habari hii. Sheria iliyokataa maelfu ya watu ilifunguliwa upenyo wa ukubwa wa mtu mmoja, na mtu huyo akautumia kuwatetea wazalendo waliokuwa wakishtakiwa na utawala uleule.

Mwaka 1958 alichapisha utenzi kwa Kishona, Soko Risina Musoro, yaani hadithi isiyo na kichwa. Ulitoka pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mawakili wengi wa Afrika waliokulia misheni walijivunia Kiingereza chao. Huyu, aliyekitumia kila siku mahakamani, alipotaka kusema jambo zito alirudi kwenye lugha ya mama.

Mwaka 1961 alikuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa katiba ya Rhodesia ya Kusini. Mwaka uliofuata akahamia Dar es Salaam. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru Desemba 1961, na wanasheria Waafrika walikuwa wachache mno: chuo kikuu kilikuwa kimefunguliwa mwaka huohuo kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na bado hakijatoa mhitimu hata mmoja. Ndipo Chitepo akapewa kiti cha Mkurugenzi wa Mashtaka, Mwafrika wa kwanza kukikalia. Kazi yake ilikuwa kuamua nani apelekwe mahakamani na kesi ipi ifutwe, kwa kutumia kanuni ya adhabu iliyoachwa na Waingereza. Wapo watakaosema alibadili upande. Mimi naona ugumu mwingine: mtu aliyezoea kutafuta tundu katika ushahidi wa Serikali sasa alipaswa kuhakikisha ushahidi wa Serikali hauna tundu. Nani angeijua kazi hiyo vizuri kuliko yeye?

Mwaka 1963 chama cha ZANU kiliundwa, naye akachaguliwa mwenyekiti wa taifa hali yupo Dar es Salaam. Mwaka 1964 chama kikapigwa marufuku, na viongozi wake, wakiwemo Ndabaningi Sithole na Robert Mugabe, wakafungwa kwa miaka kumi hivi. Novemba 11, 1965, Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi. Januari 1966 Chitepo akaacha cheo, mshahara na joho, akaenda Lusaka kuongoza mapambano kutoka nje.

Baraza la vita aliloliongoza huko liliitwa Dare reChimurenga. Kwa Kishona, dare ni mahali wanaume wanapokutana kusikiliza kesi; ni baraza na mahakama kwa pamoja. Sijui kama neno hilo lilimchekesha. Na kweli alilazimika kuhukumu: mwishoni mwa 1974 baadhi ya wapiganaji waliasi wakiongozwa na Thomas Nhari, Chitepo akasimamia kesi yao kambini, na baadhi ya waasi wakauawa. Hakukuwa na rufaa. Sehemu hii ya maisha yake siipendi, na sioni sababu ya kuificha.

Asubuhi ya Machi 18, 1975, bomu lililotegwa katika gari lake lilimuua nyumbani kwake Lusaka, pamoja na mlinzi wake. Mtoto wa jirani pia alikufa. Zambia iliunda tume, nayo mwaka 1976 ikawatupia lawama wakuu wa ZANU wenyewe. Josiah Tongogara, kamanda wa jeshi lao, alishtakiwa na wenzake. Lakini mahakama ya Zambia ilikataa ungamo lililokuwa mhimili wa kesi, kwa kuwa lilipatikana kwa mateso, na Oktoba 1976 washtakiwa wakaachiwa. Mkurugenzi wa mashtaka yeyote angekitambua kanuni hicho kwa kufumba macho. Marehemu angekuwa wa kwanza.

Mwaka 1985 David Martin na Phyllis Johnson waliandika kitabu kinachosema kwamba ujasusi wa Rhodesia ndio uliotega bomu. Mwaka 2003 Luise White akaja na swali jingine: kwa nini kifo kimoja kina maungamo mengi hivi, na kila ungamo linamfaa nani? Hicho ndicho kitabu ninachowapendekezea wanafunzi wa uchambuzi wa matini, kabla ya vile vya siasa.

Mwaka 1981 mabaki yake yalihamishwa kutoka Zambia, yakazikwa upya Harare katika Makaburi ya Mashujaa. Barabara moja kubwa ya mji ina jina lake, katika mji uleule ambao zamani ilibidi sheria iguswe ili apate chumba cha kuweka vitabu vyake.